Waacheni wazee na jazi yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na najua hii itakuwa ndefu maana mi kuandika kwa kifupi sijaweza toka shule, kwa hiyo mkitaka kupunguza punguzeni kwenye utani ila hoja niachieni.

Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji mmoja wa Dar, simtaji jina maana ugomvi wangu sio na yeye ni na alichoandika, akasema bendi zetu za zamani zilikosea kujiita jazi. Kwa maneno yake jazi ni muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans, una tarumbeta na piano na watu wanaojitungia hapo hapo jukwaani, sasa Jamhuri Jazz ya hapa Tanga au Western Jazz ya huko kwake walikuwa wanapiga rumba na chacha kwa magitaa, kwa hiyo walijivika jina la watu, na eti watangazaji wa vipindi vya zilipendwa waanze kusahihisha, waseme bendi ya rumba. Yote hayo ningeyaacha yapite. Ila alipofika pale pa "wazee wetu hawakuelewa maana ya neno" nikasema hapana, hii haiwezi kukatiza mtaa wetu wa Ngamiani hivi hivi bila mtu kuisalimia.

Kwanza nimpe haki yake. Kwamba hawakupiga muziki wa New Orleans ni kweli tupu na hakuna mzee anayebisha. Muziki wao ulikuja kwa njia nyingine, toka 1933 kampuni ya HMV ilikuwa inauza Afrika santuri za Kikuba zenye herufi GV na namba mbele yake, na hizo ndo ziliwafundisha watu kuanzia Congo mpaka pwani yetu habari za rumba na bolero, na Salum Abdallah wa Morogoro wala hakuficha, bendi yake akaiita Cuban Marimba. Sasa mtu ambaye masikio yake yamelelewa na Cuba atapigaje cha New Orleans. Mpaka hapo mi na yule ndugu tuko basi moja. Tunashukia vituo tofauti pale anapodhani kwamba hilo neno lilizaliwa likiwa jina la muziki.

Halikuzaliwa hivyo bana. Watu wanaofukua magazeti ya kale ya Marekani wamelikuta kwanza kwenye kurasa za michezo, tena California, tena kwenye besiboli, ule mchezo wao wa mmoja kurusha mpira na mwingine kuupiga kwa rungu. Mwaka 1912 gazeti la Los Angeles Times liliandika habari za mrushaji wa timu ya Portland anaitwa Ben Henderson, jamaa akasema ana mtupo wake mpya na ameupa jina, anauita mpira wa jazi, na sababu aliyoitoa ni kwamba unayumba hewani na mpigaji hana la kuufanya. Basi, hakuna tarumbeta hapo wala piano wala New Orleans. Wapenzi wa Coastal na African Sports mpira huo mnaujua hata kama besiboli hamjawahi kuiona, ni ile frikiki inapigwa pale uwanjani Mkwakwani, kipa anauona kabisa unamjia mikononi, kashajipanga, ukifika katikati unaanza kucheza, unakwenda huku unarudi kule, kipa anakumbatia upepo na jukwaa zima linapiga yowe. Huko kuchezacheza kwa mpira hewani ndo matumizi ya mwanzo kabisa ya neno hili yanayojulikana kwenye maandishi.

Mwaka uliofuata, 1913, likahamia San Francisco. Timu ya mji huo ya Seals ilikuwa kambini kwenye kijiji chenye chemchemi za maji moto kinaitwa Boyes Springs, na mwandishi wa gazeti la San Francisco Bulletin, E. T. Gleeson, wenzie wakimwita Scoop, akawa kila akituma habari anatia jazi. Wachezaji wamerudi na jazi. Timu imejaa jazi. Ikabidi awaeleze wasomaji maana wengi walikuwa hawalijui, akawaambia ni ile nguvu ya zamani, ule uhai, ule moto wa kutotulia. Mwezi wa nne mwandishi mwingine wa gazeti hilo hilo, Ernest Hopkins, akaandika makala nzima ya kulisifia kwamba ni neno jipya na lugha ilikuwa inalihitaji. Na kote huko bado linaongelewa jambo la mwili, namna mtu anavyokimbia, anavyoruka, anavyokuwa hakai pamoja. Sisi tungesema mtu kachangamka, au kama ni mgosi wa huku angesema jamaa ana moto leo.

Wataalamu wengi wanadhani limetokana na neno la zamani zaidi la huko huko Marekani, jasm, ambalo lipo kwenye maandishi ya 1860 na maana yake ilikuwa nguvu na ari. Lina ndugu yake mwingine wa karibu ambaye ni tusi, huyo simleti kwenye gazeti linalosomwa na watoto.

Na niwawahi wale wa barazani, maana nishalisikia hili kwenye kahawa zaidi ya mara moja, kwamba jazi ni jazba. Mzee mmoja hulieleza vizuri mno, anakwambia we mtazame mtu kwenye dhikri jazba inavyompanda, anavyokwenda mbele na nyuma, alafu mtazame mtu kwenye dansi, sasa tofauti iko wapi. Napenda akilieleza na kashata yake mkononi. Lakini jazba sisi tumeipata kwa Waarabu, inajulikana ilivyofika, na hakuna hata uzi mmoja unaoonyesha ilifikaje kwa mrusha mpira wa Portland mwaka 1912. Majina yanafanana tu kama watu wanavyofanana sokoni.

Tuendelee. Mwaka 1915 gazeti la Chicago Tribune linalihusisha neno hili na muziki wa bluzi, na mwaka 1917 bendi moja ya vijana waliotoka New Orleans, Original Dixieland Jass Band, wakarekodi na kampuni ya Victor santuri ambayo inahesabika kuwa ya kwanza ya jazi kutoka. Angalieni tahajia hiyo, Jass, kwa s mbili, hata kuliandika walikuwa hawajakubaliana! Na kichekesho ni kwamba hao waliopata bahati ya kuwa wa kwanza kwenye santuri walikuwa Wazungu, muziki wa watu weusi, ila hiyo kesi ina barua yake. Ninachotaka msomaji mwenzangu akione ni miaka. Toka kwenye mpira unaoyumba mpaka kwenye lebo ya santuri ni miaka mitano. Kwa hiyo akisema maana ya asili ya jazi ni muziki wa New Orleans anakosea yeye, kwa upole kabisa namwambia, asili ni uchangamfu wa mwendo na muziki ulikuja ukapanda juu yake. Wengine hata hawakulipenda, Duke Ellington mwenyewe ambaye dunia nzima inamhesabu kati ya wakubwa wa jazi alikuwa halitaki hilo jina kwa muziki wake.

Alafu kuna jambo ambalo naona watu wengi wanaoandika habari za bendi zetu wanaliruka. Neno lilipovuka bahari miaka ya ishirini kwenda Ulaya halikwenda na maana moja. Kule Ufaransa kwa muda watu walikuwa wanaita hivyo zile ngoma zenyewe, yaani seti ya drams, ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu na matoazi yake, hiyo ndo jazi. Bendi yoyote ya kuchezesha watu yenye drams ikawa jazi bendi, apige foksitroti apige tango apige anachotaka. Sasa chukua picha yoyote ya bendi zetu za zamani, mzee yeyote wa Makorora au Chumbageni aliyepita ujana wake kwenye kumbi anayo moja imeegeshwa kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Wapigaji wamesimama mstari, suti moja, viatu vinang'aa hata kama picha yenyewe imeshapauka, magitaa yamepangwa mbele yao, na katikati chini ni ile ngoma kubwa imelazwa ubavu, na usoni pake kwenye ile ngozi nyeupe ndo limeandikwa jina la bendi kwa mzunguko, na chini yake kwa herufi kubwa kuliko zote JAZZ BAND. Halikuandikwa kwenye gitaa wala kwenye maiki. Liliandikwa kwenye kile kinachowanyanyua watu vitini.

Huku kwetu Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932. Nasema 1932, wakati huyo msomaji wetu nadhani hata babu yake alikuwa anacheza gololi. Wakafuata Morogoro Jazz 1944, Kilwa Jazz 1958, Western Jazz 1959, na Tabora Jazz, na wengine nikiwataja wote mtanikata. Wakongo nao, Kabasele na African Jazz yake 1953, Franco na wenzake na O.K. Jazz 1956, na hao ndo waliotufundisha sebene jamani, kuna mtu wa kumfuata Franco kaburini amwambie jina lako sio sahihi? D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati kule Mara, akapiga benga Kenya akajiita Shirati Jazz. Rumba jazi, benga jazi, chacha jazi. Watu wa nchi tatu nne wasiojuana wanaliweka neno lile lile kwenye kazi ile ile miaka nenda rudi, hapo we huwezi kusema wamekosea wote, hapo ujue neno lina maana yake nyingine halali na we ndo hujaisoma.

Sasa nije nyumbani Tanga, maana hapa ndo nina ushahidi wangu mkubwa na nimeusubiri.

Tanga wakati ule sio Tanga ya kupigia stori tu. Mkonge uliingia 1893, reli ilianza kujengwa mwaka huo huo, mashamba yakaita watu kutoka kila kona ya nchi na nje, na mji ukajaa wageni ambao ndo hao wa waja leo kuondoka majaaliwa, wengi hawakuondoka tena mpaka leo tunao na wajukuu zao. Mji wa namna hiyo jioni unataka burudani. Na Tanga ikawa na burudani za aina mbili zilizokuwa zinaishi mtaa mmoja. Upande mmoja ni bendi za dansi, Jamhuri Jazz, Atomic Jazz. Upande wa pili ni taarabu, Black Star na Lucky Star, ambako ndo alikotokea yule mwimbaji Bi Shakila, na hao watu wa taarabu ya Tanga walikuwa wajanja, waliingiza magitaa na besi, wakaipa taarabu mwendo wa haraka mpaka Unguja wakashangaa.

Haya sasa angalia majina kamili. Black Star Musical Club. Lucky Star Musical Club. Jamhuri Jazz Band. Atomic Jazz Band. Mji ule ule, magitaa yale yale, nina hakika hata waya za gitaa walikuwa wanaazimana, lakini hakuna taarabu iliyojiita jazi. Hata Dar ilikuwa hivyo hivyo, Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club. Kwa nini? Kwa sababu taarabu kwa asili yake ni ya watu kukaa, unavaa vizuri unakaa unasikiliza shairi, likikugusa unanyanyuka unakwenda kutunza unarudi kitini kwako taratibu. Hata Black Star walivyoichangamsha bado shairi ndo lilikuwa bwana harusi. Dansi ni habari nyingine, dansi ukibaki umekaa bendi inajiona imeshindwa kazi. Kwa hiyo wazee walikuwa wanajua wanachofanya, ile Jazz kwenye jina ilikuwa tangazo, inamwambia mtu anayepita nje na baiskeli yake kwamba humu ndani leo watu wanacheza. Nani kawaambia habari za Ben Henderson, hakuna, wala sisemi walimjua. Nasema tu walilikuta neno duniani likiwa na hiyo maana na wakalitumia barabara.

Na kuna kitu cha pili kwenye majina ambacho vijana hawakijui. Kila bendi ilikuwa na jina alafu ina mtindo. Jamhuri walikuwa na mtindo wao unaitwa Toyota, Atomic wana Kiweke, Western Jazz Saboso, Morogoro Jazz Sululu, Tabora Jazz Segere Matata. Watangazaji walikuwa wanasema wana Kiweke hao na kila mtu anajua ni nani. Mtindo ndo namna ya kucheza, unakuja na bega lake na kiuno chake na hatua zake, na bendi ikitaka kukutambia inabadilisha mtindo sio jina. Wengine walichukua kwenye ngoma za asili moja kwa moja, msondo wa NUTA ni ngoma, sikinde ya Mlimani Park ni ngoma ya Wazaramo. Sasa ukiunganisha, Atomic Jazz wana Kiweke, umepata sentensi kamili, sisi ni Atomic, kwetu kunachezwa, na kunachezwa hivi. Ukiniletea Atomic Rumba umenivunjia sentensi.

Kwa asiyewahi kusikiliza dansi la zamani kwa makini naomba atafute santuri yoyote ya bendi hizo akae nayo bila kuchezea simu. Inaanza kwa upole, gitaa la solo linaita peke yake, rizimu inaitikia chini yake, besi haina papara, mwimbaji anatoa maneno yake na mara nyingi ni malalamiko, mke kaondoka, rafiki kasaliti, kazi hakuna, unaweza ukadhani ni hotuba ya msiba. Watu ukumbini wameshikana wanakwenda pole pole. Alafu katikati panakuja kama kituo kidogo, tumba inapigwa mara mbili tatu, gitaa la solo linapanda juu na kukamata kipande kifupi linakirudia na kukirudia, sauti zinaacha hadithi zinabaki kuitikia, na hapo mwendo umeshabadilika na hujui umebadilika saa ngapi. Hiyo ndo chemko. Wapigaji wenyewe waliiita hivyo. Walioshikana wanaachiana, aliyekuwa mezani na soda yake anaiacha, watu wanayarudi. Mi kama ningekuwa na mtihani wa kumpa huyo msomaji ningempa chemko ya Jamhuri alafu nimsomee yale maneno ya Gleeson ya 1913, ule uhai, ule moto wa kutotulia, alafu nimuulize kama anaona kosa la mtu yeyote hapo.

Kwenye bendi hiyo hiyo ya Jamhuri ndo walipoingia akina Kinyonga mwaka 1966, Wilson na George, watoto wa hapa hapa Tanga. Baadaye wakaenda Arusha wakaungana na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz, wakavuka mpaka Mombasa, na ndo wakabadilisha jina wakawa Simba Wanyika, hao waliokuja kutawala Nairobi kwa Kiswahili cha Tanga. Ukisikia gitaa la Wanyika linavyotekenya ujue lilifundishwa tabia Ngamiani. Wakenya watabisha, wabishe.

Kuna watu watasema sawa, lakini ni neno la kikoloni, tulipaswa kulitupa. Nalo jibu lake lipo. Baada ya uhuru hii nchi haikuwa na mchezo na mambo ya kigeni, Operesheni Vijana ilipiga vita nguo fupi na suruali za kubana, na mwisho wa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar, wakisema unaharibu vijana. Serikali iliyofunga soul ndo hiyo hiyo ambayo jumuiya yake ya wafanyakazi ilikuwa na NUTA Jazz toka 1964, polisi wake wana Polisi Jazz na mtindo wa Vangavanga, na vijana wa chama wakaanzisha Vijana Jazz 1971, miaka miwili tu baada ya marufuku. Kama jazi ingekuwa kwenye masikio ya Watanzania ni jina la muziki wa Marekani, hivi kweli polisi wangejiita Polisi Jazz mwaka ule? Walioipiga marufuku soul walikuwa wanaisikia jazi kama neno la hapa hapa, maana yake bendi ya watu kucheza, imeshakaa kwetu imezaa imejukuu.

Siku hizi ndo limepinduka. Mtu akisema jazi kwenye hoteli kubwa anamaanisha kile kimuziki cha saksafoni kinachopigwa chini chini watu wakila, hata anayetikisa kichwa anaonekana mshamba. Mwaka 2000 wataalamu wa lahaja za Kimarekani, American Dialect Society, walilichagua kuwa neno la karne nzima ya 20, sawa, hongera yake, lakini lile lililozaliwa likiyumba hewani leo limekalishwa kwenye sofa. Ukitaka kulikuta limesimama bado kwa miguu yake nenda kwenye harusi ya huku ambako kuna mtu mzima kidogo mwenye sauti kwa DJ, akidai zilipendwa na DJ akatii, utaona nani anabaki kwenye kiti. Sasa huyo ndugu anataka sisi tuwasahihishe wazee kwa kufuata maana ya sofa. Hapana.

Kwa watangazaji wa redio ninalo ombi tofauti kabisa na la kwake. Semeni jina zima, msikate. Msiseme "bendi ya Jamhuri", semeni Jamhuri Jazz, na kama mnaujua mtindo utajeni, na muda ukiwepo mtaje na nani kapiga solo. Ndipo kwenye kosa la kweli hapo, kuliko hilo la jazi. Santuri nyingi zimebeba jina la bendi na la mtunzi basi, mpiga besi hayupo, mpiga tumba hayupo, na hao ndo walikuwa wanawachezesha watu. Wengine wametangulia mbele ya haki, wengine tunawaona jioni wanapita na baiskeli zao na hakuna kijana anayewajua.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri, kama mtaniruhusu, naomba ukurasa wenu wa burudani ufungue kona ndogo hata kila Ijumaa, wasomaji wa Tanga, Morogoro, Tabora, popote, wenye picha hizo za kabatini walete, na nyuma ya picha waandike aliyesimama kushoto ni nani na alikuwa anapiga nini. Mi nimeshaanza kuwazungukia wazee wa Makorora na Mikanjuni na nimeambiwa kuna picha ya Atomic ambayo ngoma yake inasomeka vizuri, nikiipata nitawaletea mimi mwenyewe ofisini. Na yule msomaji wa Dar akija Tanga anitafute, kahawa juu yangu, ila kwenye chemko asikae.

Wenu,
Mgosi wa Makorora,
Tanga